Walisema ni Karuho, Kumbe Ilikuwa Tension

Admin, aksanti kwa kunifichia jina. Kama kuna mutu wa mutaa wetu wa Kasha atanitambua humu, basi anitambue, nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, sijaoa, nafundisha shule ya msingi hapa Bukavu. Napanga chumba kimoja mu parcelle moja, uwanja mumoja wa nyumba, na mama mujane nitakayemuita Maman Furaha. Si jina lake. Mulango wake na wangu inaangaliana. Nilipohamia alinikuta napika ugali umekuwa uji, akacheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu, hii ni ya kunywa ao ya kula?" Toka siku ile nilikula kwake karibu kila siku: maharagi, majani ya sombe, visamaki vya sambaza. Aliniita mutoto wangu, na mimi, nisiwadanganye, nilikuwa nimesahau kama hakunizaa.

Mwaka jana kichwa kikaanza. Kinaniuma kisogoni kila asubuhi, masikio yanavuma, ubao unajaa vimulimuli. Nikasema ni chaki, ni kelele ya watoto. Siku moja nikaanguka mbele ya darasa la tano, damu inanitoka puani. Directeur wa shule akaita watu wa kwetu. Mama yangu na kaka yangu mukubwa walifika toka Kamituga, wamejaa matope ya njia, na mama hakuuliza kama nimepimwa. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mara ya mwisho ulikula kwa nani?"

Mutu wa Bukavu anajua maana ya swali lile. Kwetu kijana haanguki hivi hivi. Akianguka, amelishwa karuho, ile sumu ya polepole, na aliyemulisha ni mutu wa karibu. Nikajibu, "Kwa Maman Furaha." Naapa, nilijibu tu kama mutu anayeulizwa saa.

Wakanipeleka kwa muganga wa kienyeji. Akaninywesha dawa chungu, nikatapika mpaka nguvu ikaisha, akachokora matapishi na kijiti na kuonyesha kitu cheusi. "Iyi hapa. Muko na bahati." Mama akalia kwa furaha. Mimi, nikiwa nimelala ku mukeka, nilifikiri kile kitu ni ganda la haragi.

Habari ilifika Kasha kabla yangu. Maman Furaha alikuwa anauza mandazi kando ya njia. Hakuna aliyenunua tena. Ku shirika, kwenye maombi, wamama wanaacha nafasi wazi pande zake mbili. Mama yangu alibaki kunichunga, na kila akimupita anatema mate. "Ule mwanamuke njo alitaka kuniulia mutoto!"

Kama dawa ile ingeniponyesha, ningeamini. Lakini kichwa kilirudi. Nikamudanganya mama kwamba naenda kutafuta karatasi za shule, nikaenda kituo cha afya. Infirmière, muuguzi wa pale, akanifunga kitambaa mukononi, akapima, akapima mukono mwingine, akaniambia nirudi mara mbili tena. Mara ya tatu akasema, "Mwalimu, tension yako, presha ya damu, iko juu sana. Dix-huit ku onze, ni kusema 180 ku 110."

Nikacheka. "Ile ya wazee?"

"Hata ya vijana. Wengi hawasikii kitu mpaka waanguke. Na inatembea mu familia. Papa yako alikufa na nini?"

Papa alianguka shambani muchana, nikiwa na miaka kumi na moja. Hakuamuka. Walisema karuho, na tonton wangu mumoja, mudogo wake, alikimbia kijiji kwa sababu walisema ni yeye alimulisha. Hatujamuona tena mpaka leo. Nikamuomba yule infirmière vidonge.

Sasa nakunywa vidonge kila asubuhi, navificha mu kopo la maziwa ya unga. Kichwa kimetulia. Mama anafurahi: "Unaona? Ile dawa ya muganga ilifanya kazi!" Walimu wenzangu hawaji tena kwangu, mutu aliyelishwa sumu naye anaogopwa. Narudi kutoka kazini, nakula, naangalia mulango wa ng'ambo uliofungwa. Sijawahi kuwa peke yangu namna hii, na mama yangu yuko hapo hapo chumbani.

Juzi bailleur, mwenye parcelle, amemupa Maman Furaha mpaka mwisho wa mwezi ahame. Anasema wapangaji wengine wanalalamika.

Jumapili, baada ya misa, Maman Furaha alitoka na sahani ya maharagi, akasimama katikati ya parcelle, majirani wote wanaangalia. Mu hii muji anayekupa chakula anaonja kwanza, ujue hakuna kitu ndani. Akaonja kijiko kimoja. Cha pili. Cha tatu, akafungua mudomo waone kama amemeza. Mwanamuke wa umri ule, jamani! Halafu akaninyooshea sahani.

"Mutoto wangu, kula basi. Kijiko kimoja tu, waone."

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Kidonge cha asubuhi kilikuwa tumboni mwangu, na ukweli wote nilikuwa nao. Nikasema, "Aksanti maman, nimeshiba."

Akasema, "Sawa, mwalimu." Hakusema mutoto wangu. Akarudi ndani na sahani yake.

Ndugu zangu, musiniambie tu kwamba ukweli ni muzuri, hilo nafundisha darasani kila siku. Nikisema, mama atajua alimutemea mate mutu bure, na atajua tulimufukuza tonton bure. Nikinyamaza, Maman Furaha atabeba magodoro yake wiki ijayo mbele ya macho yangu. Nishaurini: mama nimuambie namna gani asivunjike? Na nikigonga ule mulango wa ng'ambo, neno la kwanza liwe lipi?

Munijibu mbio, tafadhali. Siku ile sikuwa nimeshiba.