Tovuti Nzito na Bi Kwa Nini

Ofisini walimwita Bi Kwa Nini, naye hakununa. Alikuwa afisa ununuzi wa manispaa, mama wa watoto watatu, mpole wa sauti lakini mbishi wa moyo. Hakuwa akitia sahihi kitu, iwe sabuni ya vyooni au matairi ya gari la taka, mpaka aulize kwanza. Wenzake wakimwona anavua miwani walijua swali linakuja, na wengine walikumbuka ghafla kwamba wana kikao.

Habari ya tovuti ilianzia nyumbani. Dada yake mkubwa, fundi cherehani, alitaka fomu ya leseni ya kibanda chake.

"Si mlitangaza kwamba fomu ziko mtandaoni?" dada akamfokea kwenye simu. "Hiyo tovuti yenu imenilia bando lote, na fomu sijaiona hata ya dawa!"

Kesho yake dada alifunga kibanda, akaja kupanga foleni kwenye korido ya manispaa pamoja na umati mzima. Bi Kwa Nini alipita pale na faili mkononi, aibu ikamshika.

Wiki hiyohiyo mkataba wa hifadhi ya tovuti ukaletwa mezani kwake uongezwe mwaka mwingine. Bei ilikuwa imepanda tena. Akaubeba hadi kwa fundi wa kompyuta.

"Mwanangu, mimi haya mambo siyajui," alisema. "Hapa tunalipia nini hasa?"

"Tunalipia nafasi kwenye seva, ile kompyuta inayotunza tovuti, mama," fundi akajibu. "Na nafasi yenyewe ni kubwa kupita kiasi, ingewatosha hata watu wa benki. Karibu yote imejazwa na video za sherehe. Ukifungua ukurasa wa kwanza, lazima ile ya uzinduzi wa stendi ije kwanza."

Bi Kwa Nini akaenda kwa mkurugenzi, mama mwenye haraka zake.

"Ile video ndiyo sura ya manispaa," mkurugenzi akasema. "Usiiguse."

"Sawa, bosi. Ila naomba uifungue kwa simu yako, bila mtandao wa ofisi."

Mkurugenzi akafungua. Kiduara kikazunguka. Akanywa chai, akatazama, kinazunguka tu. Akaazima simu ya katibu wake, mambo yakawa yaleyale. Mwishowe akacheka mwenyewe.

"Kumbe mtazamaji wa hii video ni mimi peke yangu! Haya, fanya unachotaka kufanya, lakini kwa utaratibu."

Kampuni tatu zikaalikwa kuleta bei, ya zamani ikiwamo. Meneja wa hiyo ya zamani alikuja mbio, uso umemsawijika.

"Dada yangu, tumetoka mbali na nyinyi. Leo mnanitupa?"

"Sikutupi, kaka. Nauliza tu: kwa nini mlituuzia kifurushi kikubwa hivi?"

Meneja akajikuna kichwa. "Nikwambie ukweli, mlikichagua wenyewe zamani. Tangu hapo hakuna aliyeniuliza kama kuna kidogo."

Hapo hapakuwa na mwizi. Palikuwa na watu waliozoea.

Mhasibu alitaka wachukue kampuni ya bei ya chini kabisa, yaishe. Bi Kwa Nini akapiga namba yao ya huduma kwa wateja. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena baada ya chakula cha mchana. Ikaita mpaka ikakata.

"Tukipata tatizo tutamlilia nani?" akauliza.

Basi wakabaki na kampuni ya zamani, kwa kifurushi kidogo, chini ya nusu ya malipo ya awali. Fundi akaziondoa video, akaweka fomu mbele.

Siku ya kuhamia kifurushi kipya, tovuti ikazimika asubuhi, korido ikafurika. Diwani mmoja akapaza sauti, "Ndiyo matokeo ya kupenda vya bei rahisi!" Bi Kwa Nini akampigia meneja, naye akapokea papo hapo: "Naishughulikia, dada, usiwe na wasiwasi." Huku nyuma Bi Kwa Nini akagawa fomu za karatasi kwa mkono wake, akiomba radhi benchi baada ya benchi. Mchana haujafika, fundi akatokea mlangoni anachekelea. Tovuti imerudi, na ilifunguka hata kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka.

Pesa iliyobaki ikaanza kupata wachumba. Wengine, mhasibu akiwa mbele, walitaka viti vipya vya ukumbi wa mikutano. Bi Kwa Nini akaomba meza moja mlangoni, kompyuta moja, na karani wa kuwasaidia wasio na simu za kisasa. Palikuwa na mabishano, lakini mkurugenzi akapitisha.

Foleni haikwisha kabisa. Mtandao ukikatika, watu hurudi kujazana kama zamani, na mhasibu bado anaviwaza viti vyake. Lakini asubuhi moja Bi Kwa Nini alikuwa akikata korido kwa haraka, akashtuliwa na mfanya usafi.

"We mama! Zunguka kule, huoni napiga deki?"

Hapo ndipo aliposimama akatazama. Saa za kazi, na sakafu yote iko wazi, inang'aa kwa maji. Mfanya usafi akamkodolea macho, dekio mkononi.

"Samahani, mwenzangu," akasema, akazunguka kupitia uani, anatabasamu peke yake.