Soli ya Kushoto

Wenzake wa chumba cha kufulia hospitalini walimbatiza jina la Swala, kwa kejeli tu, maana alianza kukimbia akiwa na miaka arobaini na tisa, mwili umeshalegea na magoti yanalia kama bawaba za mlango mbovu. Sasa alikuwa na hamsini na tatu. Kila alfajiri, kabla ya zamu, aliuzunguka ukuta wa hospitali mara nne. Nje ya zamu, saa ile moja ndiyo pekee ambayo mkono wa mumewe haukuifikia.

Mumewe alikuwa muuza nyama. Alikata mifupa kazini, na nyumbani hakujua kuacha. Meno mawili ya mkewe yalibaki kwenye karo la jikoni. Mguu wa kushoto aliuvunja kwa mchi, eti chai imepoa, nao ukaunga vibaya, ukawa mfupi kwa unene wa kidole. Majirani walisikia. Waliongeza sauti ya redio.

Mwaka ule goti la kushoto likavimba kama boga. Daktari akamwambia aache kukimbia, basi. Swala akatoka pale masikio yanawaka kwa hasira, akaenda moja kwa moja kwa fundi viatu aliyekaa nje ya geti la nyuma.

Fundi hakulitazama goti. Alizipindua raba zake, akapitisha kidole gumba kwenye soli.

"Ya kulia nzima. Ya kushoto imeliwa upande mmoja kama mkate uliopitiwa na panya."

Akazipaka soli chaki, akatandika turubai jeusi kando ya ukuta. "Kimbia hapo, mama."

"Mbele za watu, fundi?"

"Kwani watu ndio wenye goti?"

Akakimbia, akarudi. Fundi akachutama juu ya zile alama nyeupe.

"Mguu mfupi nauona, huo dawa yake kipande cha tairi chini ya kisigino. Lakini hapa, na hapa, na pale tena, mguu unachepuka nje. Unageuza shingo, mama. Unakimbia kama mtu anayefukuzwa. Nani yuko nyuma?"

"Hakuna."

"Soli haisemi hivyo." Akachukua gundi. "Tairi nitakubandikia. Hiyo shingo sina gundi yake."

Jumamosi asubuhi Swala alikuwa kibarazani, juu ya ngazi, anafua mashuka ya nyumbani. Raba zilikuwa mlangoni, tairi limekauka vizuri. Mumewe akatoka ndani na panga la buchani, akailaza raba ya kushoto kwenye kizingiti.

"Bibi kizee mzima unavaa viatu vya watoto. Unamkimbilia nani huko?"

"Iache, baba watoto."

"Leo raba, kesho huo mguu wenyewe. Na safari hii hautaunga."

Swala alikuwa ndiyo kwanza amekamua shuka. Miaka ishirini na sita alikuwa akikamua mashuka ya hospitali, na shuka likitoka kwenye mikono ile huwa gumu kama gongo. Alilizungusha mara moja. Likampata mume kwenye kiwiko, panga likaruka. Pigo la pili lilimpata usoni, damu ya pua ikatapakaa hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Akarudi kinyumenyume, kisigino kikakosa pa kukanyaga, akaporomoka ngazi saba za zege. Paja lililia kama kuni kavu.

"Mke wangu," akaita kutoka chini. Neno hilo hakuwahi kulitumia tangu siku ya harusi.

Swala alivaa raba ya kulia, akavaa ya kushoto, akafunga kamba mafundo mawili mawili. Akateremka, akamruka. Mtaa mzima ulikuwa umesimama milangoni, na leo hakuna aliyekumbuka redio. Nyuma yule mtu aliita tena, akatukana, akalia. Swala hakugeuka. Alikimbia hadi hospitali, akawaelekeza wabeba machela pa kwenda kumwokota.

Wiki tatu baadaye fundi alizipindua zile raba, akazitazama sana. Soli zote mbili zilikuwa zimeanza kulika sawasawa.

"Na yule wa nyuma, mama? Kaenda wapi?"

"Yuko wodi ya mifupa. Mashuka yake nayafua mimi."

"Unayafua vizuri?"

"Nayakamua," alisema Swala, akaanza kufunga kamba.