Warushaji Wawili Niliowafelisha

Kwa siku chache kabla ya Idi, mimi niliyemaliza kidato cha nne na D ya hesabu ndiye niliyekuwa hakimu wa besiboli. Sikuomba kazi hiyo. Niliyoomba ilikuwa ya kumtunza mzee mmoja wa mtaa wa Crescent Town, siku tano kwa wiki, kuanzia asubuhi bintiye akishaondoka kwenda ofisini mpaka saa kumi jioni.

Mzee mwenyewe alizaliwa Tanga, katika familia ya Kihindi iliyokuwa na duka la vitambaa, akaja Toronto akiwa kijana. Kiswahili chake kilinyooka mpaka changu cha Nakuru kikaona haya. Siku ya kwanza nilimsalimia, "Habari yako, Babu?" Akanitazama kimya, kama mtu anayesubiri lifti ifike. Nikarudia. Akaendelea kusubiri. Bintiye akaninong'oneza, nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba na kunionyesha kiti. Tangu hapo tukapatana.

Babu alikuwa na magoti mabovu, kigari cha kutembelea cha magurudumu manne, na kitabu kinene cha takwimu za besiboli alichokisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Tangu ateleze kwenye barafu mbele ya jengo lao, alikuwa hatoki ila kwenda kwa daktari. Alikuwa pia na mdogo wake wa tumbo moja, aliyefiwa na mke kama yeye, anayeishi peke yake Downsview, upande wa pili wa mji. Na Idi tatu zilikuwa zimepita bila wao kula pamoja.

Ugomvi ulianzia kwenye sinia la biriani. Walikuwa wakibishana nani mrushaji mpira bora aliyewahi kutokea katika besiboli. Babu alimshikilia mmoja wa zamani, wa enzi walipofika mjini hapa wakiwa vijana. Mdogo wake alimshikilia mwingine aliyekuja miaka mingi baadaye. Wakabishana, wakabishana, mpaka mdogo akasema mbele ya wageni kwamba kaka yake hajui hesabu. Sasa Babu alikuwa karani wa hesabu maisha yake yote ya kazi. Aliinuka, akanawa mikono, akaingia chumbani na kufunga mlango. Tangu siku hiyo mdogo akasema hatakanyaga kwa mtu aliyemfungia mlango usoni. Babu naye akasema yeye ndiye mkubwa, kwa hiyo siku ya Idi ni haki yake kufuatwa.

Kuongea waliongea, ila kupitia simu yangu. Babu hakutaka kupiga. Alinishikisha simu, nikabonyeza pa kurekodi, naye akasema kwa sauti ya juu, kama ninayerekodi ni mimi na yeye anapita tu.

"Mwambie mdogo wangu mrushaji wangu aliruhusu pointi chache zaidi kwa kila mchezo. Kitabu kinasema. Mimi sikukiandika."

Jibu lilirudi chai haijapoa.

"Mwambie kaka yangu mwaka ule kila mrushaji aliruhusu pointi chache. Kile kichuguu wanachosimama juu yake kurusha kilikuwa kirefu mno, mpaka wakubwa wa mchezo wakaamua kukipunguza. Mtu anarushia wenzake kutoka darini. Hata mimi ningerusha."

"Mwambie yeye alirusha mpira wa kriketi Tanga akavunja dirisha la jirani."

"Mwambie dirisha alivunja yeye. Mimi nilipigwa tu."

Mimi nilikaa katikati nikicheka na simu yangu. Lakini niliona pia jinsi Babu alivyoinama kusikiliza kila ujumbe, sikio karibu kabisa na simu, na jinsi alivyokuwa akiniuliza, kama kwa bahati mbaya, "Anakohoa huyo, au ni mashine yako?" Idi ilikuwa inakaribia. Bintiye alikuwa ameshanunua mchele. Babu aliniuliza mara mbili kama mchele ule unatosha watu wanne, na nyumba ile ilikuwa na watu wawili.

Siku moja nikamwomba anieleze huo ubishi vizuri. Akanieleza kwamba mwaka ambao wapigaji wote, wale wanaoupiga mpira kwa gongo, ni dhaifu, mrushaji anaonekana jabali. Mwaka ambao wapigaji wamenona na viwanja ni vidogo, mrushaji huyo huyo angeonekana wa kawaida. Kwa hiyo wataalamu humlinganisha kila mrushaji na wenzake wa mwaka wake, wakatazama na kiwanja chake, na kila mtu akapewa namba. Wa wastani anapata mia moja, na aliye bora hupita hapo.

"Kumbe ni mtihani," nikasema.

"Mtihani gani?"

"Shuleni kwetu, Babu, mwaka mmoja hesabu ilikuja ngumu. Wa kwanza darasani alipata arobaini na moja. Mwaka uliofuata akaja mwalimu mpya mpole, hata wa mwisho akapata hamsini. Sasa nani anajua hesabu?"

Babu alikifunga kitabu chake.

"Wa arobaini na moja," alisema taratibu, na uso wake ukawa wa mtu aliyegundua amekalia miwani yake. Maana huo ndio uliokuwa ubishi wa mdogo wake kwa Idi tatu.

Baada ya chai ya pili akaamua. Hesabu nitafanya mimi, kwa sababu sina upande na besiboli yenyewe siijui. Atakayeshindwa atamfuata mwenzake siku ya Idi. Mdogo akatuma jibu kwamba amekubali. Nikasema, "Kwa hiyo mmewekeana dau." Babu akanitazama vikali. "Kamari ni haramu, mwanangu. Haya ni makubaliano."

Nikanakili namba kutoka kwenye kitabu nyuma ya karatasi ya dawa, nikapanda treni kurudi Weston nikiwa na furaha isiyo na kipimo. Ni lazima niseme kwamba mimi ni mtu wa ndoto. Kufika kituo cha tatu nilikuwa nimeshaajiriwa na timu ya mjini, nimekaa juu kwenye chumba cha vioo, nimevaa miwani ambayo macho yangu hayaihitaji, na kocha ananiuliza, "Tumtoe huyu?" nami nasema, "Subiri kidogo."

Nyumbani nikaketi jikoni nikagawanya. Nikachukua pointi za mrushaji, nikazigawa kwa wastani wa wenzake, nikazidisha kwa mia. Yule wa zamani akapata chini ya hamsini. Yule wa baadaye akapata chini zaidi. Mtu mwingine angeshtuka hapo hapo kwamba warushaji wawili wanaobishaniwa ubora wa dunia nzima wamekosa hata wastani. Mimi sikushtuka hata kidogo. Nilitoka shule ambayo kufeli kwa pamoja kulikuwa kawaida, na wa kwanza alikuwa yule aliyefeli kidogo. Nikaona mtihani ulikuwa mgumu, wote wameanguka, ila wa zamani ameanguka kwa heshima. Nikampa ushindi.

Babu aliposikia alinifanya nirudie mara mbili. Kisha akaomba chai yenye sukari, ambayo daktari amemkataza, nami nikamtilia kijiko kimoja nikageuka dirishani.

"Mwambie mdogo wangu mlango uko wazi kuanzia saa saba."

"Mwambie hakimu anitumie hesabu yenyewe niione," akajibu mdogo.

Nikapiga picha karatasi, nikatuma. Siku nzima ikapita kimya. Babu akawa hawezi kusoma kitabu chake, anafungua na kufunga. Kesho yake adhuhuri simu ikalia.

"Mwambie kaka yangu nimeona. Nakuja. Asitie pilipili nyingi."

Babu aliucheza ujumbe ule mara sita. Mara ya sita nilimwona akifuta jicho, akasema ni vumbi la kitabu.

Idi ikaangukia Jumapili. Jumamosi nilikuwa mapumzikoni, na kwa kuwa nilishajiona mtaalamu, nikaamua kuwapima warushaji wa timu yetu ya sasa. Yuko mmoja ambaye jengo letu zima linamlalamikia. Akipanda tu kwenye kichuguu, jirani yangu huzima televisheni na kwenda kufua. Nikampima. Akapata karibu mia mbili. Nikarudia, akapata ile ile. Kwa hesabu yangu, mtu anayepigwa kila wiki mpaka watu wanakwenda kufua ndiye mrushaji bora aliyewahi kuzaliwa.

Nikakaa chini. Kisha nikaona. Nilikuwa nimegawanya kichwa chini miguu juu. Ni wastani wa wenzake unaogawanywa kwa pointi zake, si pointi zake kwa wastani wao. Nilipogeuza, wale wawili wakapaa juu ya mia mbili wote. Na wa mdogo ndiye aliyekuwa juu zaidi.

Sikulala vizuri. Nikisema, Babu ameshindwa, na magoti yale hayatafika Downsview, na Idi ya nne itapita. Nisiposema, nimemdanganya mzee aliyeandika namba zilizonyooka maisha yake yote.

Jumapili nilialikwa kama mgeni. Nikavaa gauni langu la kanisani, nikasema shikamoo kwa wote, na Idi mubarak. Mdogo aliingia na boksi la tende, mwembamba, mrefu, na koti ambalo kifungo kimoja hakikufanana na vingine. Ndugu wawili wakashikana mikono, wakashikana mabega, kisha kila mmoja akageuka kutafuta pa kuweka tende, ingawa boksi lilikuwa moja. Huyu mdogo nikamwita Babu Mdogo, akafurahi.

Tukala. Yaani wao walikula. Mimi nilikuwa nikisogeza wali kutoka upande huu kwenda ule. Binti wa mzee akaniuliza kama biriani ina chumvi nyingi. Babu alikuwa anacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nianze kazi. Ilipofika chai nikashindwa kuvumilia.

"Babu," nikasema, "niligawanya kinyume. Mrushaji wa Babu Mdogo ndiye aliyeshinda."

Babu akaweka kikombe.

"Nilijua," akasema Babu Mdogo, akichagua tende. "Picha ilipofika tu niliona."

"Ulijua tangu siku ile?" akauliza Babu.

"Tangu dakika ile."

"Na ukaja."

"Sasa kwangu kuna nini cha kula, kaka? Nilisikia harufu ya biriani kutoka Downsview."

Nilidhani wangecheka. Bintiye alishaanza kutabasamu. Lakini Babu alikuwa amewiva masikio.

"Umenipa ushindi wa sadaka," alisema. "Mimi. Karani." Akanigeukia. "Mwanangu, niletee koti."

"Baba, unakwenda wapi?" akauliza bintiye.

"Makubaliano yalikuwa nini? Aliyeshindwa amfuate mwenzake. Nimeshindwa. Nakwenda kwake."

"Lakini mimi niko hapa," akasema Babu Mdogo.

"Basi simama twende, usije ukanifanya nifike kwenye nyumba isiyo na mtu."

Hakukubali gari la bintiye, akasema mdogo wake alikuja kwa treni na yeye atakwenda kwa treni. Kwa hiyo alasiri ile ya Idi tukasafiri, mimi nimeshika kigari, Babu Mdogo ameshika mkono wa kaka yake, na kaka yake akimwambia kila baada ya hatua tatu amwachie. Ilituchukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe wa besiboli. Kwenye kila lifti Babu alipumzika, akavuta pumzi, akasema, "Kichuguu chao kilikuwa kirefu, sikatai. Lakini kilikuwa kirefu kwa wote."

"Ndiyo maana tunalinganisha, kaka."

"Najua maana yake. Huyu binti alinieleza kabla yako."

Nyumba ya Babu Mdogo ilikuwa chumba kimoja kinachotazama ghala. Kwenye jokofu kulikuwa na mkate nusu, siagi, na kopo moja la dagaa ambalo hata halikuhitaji jokofu. Alisimama amelishika lile kopo kama aliyekamatwa nalo. Babu akavua koti, akaketi mezani, akakunja mikono ya shati.

"Fungua," akasema.

Akala mkate na dagaa juu ya biriani ile yote, bila haraka, akaomba kipande cha pili, ili isije ikasemwa kwamba alipita tu. Kisha akanidai karatasi safi. Nikaandika hesabu upya mbele yao, mara hii kwa njia iliyonyooka. Babu alifuata kila namba kwa kidole. Alipofika mwisho akachukua kalamu, akaweka alama ya vema pembeni, ndogo, safi, ya karani. Mdogo wake akamsogezea siagi.

Bintiye akapiga simu, akaniomba nimuulize baba yake atarudi saa ngapi.

Babu alikuwa bado anatafuna. Akasema bintiye asisubiri, kwani ndiyo kwanza wamemaliza warushaji, na wapigaji hata hawajaanza nao.