Benchi la Wastahiki

Mtaani walimwita Bi Pasi, na hakuchukia. Alikuwa dobi, tena dobi ambaye hata kitambaa cha kufutia vyombo hakikuingia kabatini kwake kabla ya kunyooshwa. Watani walisema huyu hata njaa yake huipiga pasi kwanza ndipo aitoe nje. Walisema kwa mzaha, wasijue walivyoukaribia ukweli.

Marehemu mumewe alikuwa karani wa mahakama, mtu wa tai na maneno machache. Alimwachia nyumba ya vyumba viwili, pasi ya mkaa, na jina. Nyumba ilianza kuvuja, pasi ikalegea mpini. Jina ndilo pekee lililobaki bila doa, na Bi Pasi alilitunza kama shati jeupe la mteja. Tangu hoteli ya karibu inunue mashine zake za kufulia, kamba zake za kuanikia zilikuwa zikicheza na upepo tu. Hilo hakumwambia mtu. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Na kata alikuwa mjukuu wake wa darasa la tatu, mtoto wa binti yake aliyekwenda kibarua mbali. Shuleni chakula cha mchana kilikuwa cha kulipia. Wenzake wakipanga foleni jikoni, yeye alikwenda bombani, akanywa maji, kisha akazunguka uwanja polepole kama mtu aliyeshiba. Mwalimu wake alimwona, akaja kumwambia Bi Pasi kwa sauti ya chini. Akaongeza kwamba sasa shule imeweka bei tatu: kamili, nusu, na bure kwa walezi wenye kipato kidogo.

"Lakini mwisho wa kuandikisha ni siku ya mkutano wa wazazi, mama. Ukikosa, ni mpaka muhula ujao."

Tangu hapo usingizi ulimpaa. Asubuhi ya mkutano aliunguza kola ya shati la mteja, jambo ambalo halijapata kumtokea.

"Bibi, kuna kitu kinaungua," mjukuu alisema.

"Kinachoungua ni changu. Wewe funga viatu."

Alikuwa na mpango. Mkutano ukiisha atamvuta mwalimu mkuu pembeni, wayamalize kimya kimya. Aliyemhofia ni wifi yake. Huyo dada wa marehemu naye alikuwa na mjukuu shule hiyo hiyo, na mdomo ambao haukukosa msiba wala harusi. Alikwisha kusema zamani, mbele ya watu: "Kaka yangu hakuacha ombaomba."

Mlangoni pa ukumbi alisimama mwalimu mmoja, binti mdogo.

"Shikamoo mama. Wewe ni mstahiki?"

Bi Pasi alijisikia mgongo ukinyooka. Neno hilo alilijua. Mumewe aliliandika kwa wino kwenye bahasha za barua za meya. Kumbe mke wa karani bado anakumbukwa.

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo, nashukuru."

"Basi karibu mbele kabisa."

Mbele, jirani na meza ya kamati, palikuwa na benchi lililobandikwa karatasi: WASTAHIKI. Akaketi, magoti pamoja, mkoba mapajani. Punde akaja msukuma mkokoteni wa mtaani kwao, naye akaketi hapo. Bi Pasi aliwaza labda huyu amekuwa diwani, na habari hazijamfikia. Akasogea kumpa nafasi inayolingana na cheo. Kisha akaja muuza mboga na mtoto mgongoni.

"Hata wewe, bibi?" msukuma mkokoteni alinong'ona. "Mimi nilidhani nyinyi mko juu."

"Mimi nimealikwa," akajibu.

"Sote tumealikwa. Njaa haimnyimi mtu kadi."

Kabla hajalitafuna neno hilo, mwalimu mkuu alisimama. "Wazazi, hawa wa benchi la mbele ndio wanaostahiki chakula cha bure au cha nusu bei. Wataandikishwa sasa hivi, mbele ya kamati."

Bi Pasi aliuhisi ukumbi mzima ukimwelemea mgongoni. Mkono wake ukaanza kunyoosha kunjo la sketi ambalo halikuwapo. Akiinuka, atakuwa amewaambia wote kwamba hahitaji, na mtu aliyesema hivyo hadharani atamvutaje mwalimu mkuu pembeni?

Wifi yake akaja akiinama kati ya mabenchi, manukato yakimtangulia.

"Wifi," alinong'ona, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Umekosea benchi. Inuka twende nyuma. Nitawaambia macho yako siku hizi hayaoni vizuri."

Ulikuwa mlango wa kutorokea, tena umeachwa wazi. Miguu ya Bi Pasi ilianza kujikusanya. Kupitia dirishani aliliona bomba la uwanjani, likidondoka tone tone juu ya saruji iliyolowa. Jikaze kisabuni, alijiambia.

"Macho yangu mazima, wifi. Nimesoma kilichoandikwa."

"Na jina la kaka yangu?"

"Jina lake halina tumbo. Mjukuu wake analo."

Wifi akageuka, akarudi nyuma. Zamu ya Bi Pasi ikafika.

"Nusu au bure, mama?" aliuliza yule binti mwalimu.

"Nusu," ulimi ulitangulia. Kalamu ikaanza kuandika, na Bi Pasi akajua kwamba hata hiyo nusu hataiweza. Muhula haujafika katikati, mtoto atakuwa amerudi bombani.

"Futa," akasema. "Andika bure."

"Sikukusikia, mama."

Ikabidi arudie, na safari hii ukumbi wote ulisikia.

Nje, wifi yake alikuwa akimngoja getini.

"Sasa watu wakiniuliza, niwaambie nini?"

Bi Pasi aliusogeza mkoba kwapani.

"Waambie nilikaa benchi la mbele. Waambie waliniita mstahiki."

Wifi hakucheka, wala hakuondoka. Waliongozana mpaka njia panda, na Bi Pasi hakujua kesho mdomo ule ungesema nini.