Hodi Tatu na Komeo Moja

Mwanangu, ipo siku moja ya Guangzhou, kule Uchina, ambayo kila nikiikumbuka mkono wenyewe unakwenda tumboni, kwenye kovu. Sikupanga kukusimulia. Lakini tangu upate hiyo nafasi ya kwenda kusoma Marekani hunipi raha. "Ba'mkubwa, Wamarekani kila mtu na lake. Ba'mkubwa, Wamarekani hawana habari na jirani." Umewaona wapi? Kwenye simu! Hujapanda hata ndege, ushamaliza kuwajua watu. Basi kaa hapo, hiyo simu iweke kando, unisikilize.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi kule, nimetoka Tanga kusomea umeme. Bweni letu lilikuwa la wageni watupu, na chumba cha pili kutoka changu alikaa Mmarekani, jina lake Dani. Yarabi, yule kijana! Hakujua hodi. Kitasa changu kilikuwa kibovu, ukiusukuma mlango unafunguka, naye aliusukuma asubuhi, mchana na jioni. Nimevaa, sijavaa, nasali, yeye yumo ndani. "Una maji ya moto?" Huku keshaibeba chupa, anakwenda kumimina kwenye tambi zake. Siku ya sherehe ya bweni alinijia na ngoma, sijui kaiazima wapi, eti niwapigie. Mimi! Mtoto wa mwalimu wa hesabu, ngoma nazisikia harusini kama watu wengine.

"Si kila Mwafrika anapiga ngoma," nilimwambia kwa Kichina chetu cha darasani.

"Samahani," akasema, na kweli uso ulimwiva.

Halafu mimi nami, hodari wa kulaumu, nikamuuliza baba yake ana bunduki ngapi. Akacheka mpaka akakaa kitandani kwangu, bila kukaribishwa. Akanieleza kwamba kwao ni kijijini, wakulima wa mahindi. Theluji ikianguka majirani hufukuliana milango. Mlango wa jikoni haufungwi, mama wa jirani anaingia na sufuria lake, anawakuta mezani, anavuta kiti. Sikumwamini hata chembe. Marekani niliijua mimi bwana, niliiona kwenye kanda za video pale kwetu Tanga, Ngamiani: mageti, mbwa, na watu wasiojuana. Nikamhesabu mwongo, juu ya kukosa adabu.

Jumamosi moja uvumilivu ukaniishia. Nikaenda mtaa wa Sanyuanli nikanunua komeo la chuma, nene. Nikapitia kwa Bi Saada, mama wa Kiunguja aliyekuwa akinunua nguo soko la Shisanhang na kuzisafirisha nyumbani. Kila mwanafunzi aliyetamani pilau alimjua. Nikalitoa komeo mfukoni nikitarajia kupewa pole.

"La nini hili?"

"La yule Mmarekani, Bi Saada. Haniachi nipumue!"

Akaligeuzageuza. "Weye uko ugenini, mwanangu. Huna mama hapa, huna shangazi. Ukiugua, nani atakuingilia?"

"Swedi yupo pale bwenini. Mtu wa kwetu, ana adabu zake."

"Adabu njema," akasema. "Lakini nyumba njema si mlango." Akanirudishia komeo langu, akaendelea kufunga robota la nguo.

Niliondoka nimenuna. Mama wa heshima zake, anamtetea mtu asiyepiga hodi! Nikafika bweni nilifunge komeo jioni ileile. Natafuta bisibisi, haipo. Nani kaichukua? Nani mwingine! Dani, kwa ajili ya baiskeli yake, na kurudisha hajui. Komeo likabaki juu ya meza, na mimi nikabaki nabwata peke yangu.

Ikaja likizo ya mwaka mpya wa Kichina, bweni likawa karibu tupu. Tumbo lilikuwa likiniuma tangu jana yake, nikajidanganya ni chakula. Asubuhi maumivu yakanikata, nikaanguka chini kati ya kitanda na meza. Sauti haitoki. Mara nikasikia ndala za Swedi ukumbini, roho ikatulia.

"Hodi!"

Nikafumbua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Hodi! Hodi jamani!"

Kisha ndala zikarudi zilikotoka. Usimlaumu Swedi, mwanangu. Ndivyo sote tulivyofunzwa utotoni, chuoni kwa maalimu: hodi tatu, usipojibiwa rudi, wala usichungulie. Ningekuwa mimi ningerudi vilevile. Lakini nilipozisikia zikishuka ngazi nililia kama mtoto, maana nilijua nakufa, tena nakufa kwa adabu.

Nilikaa pale mpaka jua likahama dirishani. Halafu mlango ukabamizwa ukutani.

"Una maji ya..."

Hakumaliza. Alinibeba mgongoni ngazi zote, anapiga kelele jengo zima, akasimama katikati ya barabara akaizuia teksi, na hospitalini akawafokea watu mpaka nikaingizwa chumba cha upasuaji. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Daktari alisema wangenileta jioni, asingekuwa na la kufanya.

Bi Saada alikuja na uji. Nyuma yake Swedi, macho mekundu.

"Nilipiga hodi, ndugu yangu. Mara tatu."

"Nilizisikia zote," nikamwambia, nikamshika mkono.

Dani alikuwa amekaa kitandani kwangu, anakula machungwa niliyoletewa mimi mgonjwa. Bi Saada akamtazama, akanitazama. Kikombe cha kwanza cha uji akampa yeye.

Basi nenda, mwanangu. Lakini usiende na Marekani uliyoipika nyumbani. Kawaone watu, mmoja mmoja, nao wakuone. Hodi piga, ndivyo tulivyokulea. Ila ukiwa na wasiwasi na mtu naye haitiki, sukuma mlango, radhi utaomba baadaye. Na ukipata jirani wa kukuingilia ovyo, gombana naye. Mimi na Dani tunagombana mpaka leo, ananipigia simu katikati ya sala ya magharibi, mzee mzima! Gombana naye, lakini komeo usinunue.

Mungu akujaalie majirani wenye adabu, mwanangu. Na siku adabu isipotosha, akuletee mmoja asiye nayo.