Hatua Ambazo Bosi Hakuzihesabu

Wasomi wavivu nimewaona wengi, lakini kafili wangu wa Riyadh, yaani mwajiri aliyenidhamini, aliwashinda wote. Alikuwa akifundisha hisabati chuo kikuu, mimi nikimwendesha. Kwamba nami nina digrii ya hisabati kutoka Kenya, hakuwahi kuuliza. Dereva ni mikono na miguu, basi.

Shule moja ya Jeddah ilikuwa imekubali kuniajiri mwalimu. Kilichobaki ni sahihi ya bosi ya kuniachilia, nihamishe ikama, kile kibali cha kuishi. Aliahidi kuitia siku ile ile nikimpeleka Jeddah kusoma makala yake mbele ya wenzake. Nilikuwa na furaha hata chakula hakipiti.

Njiani akashuka kuswali, makala ikabaki kwenye kiti cha nyuma. Nikaisoma. Ilihusu njia ya kulitafuta jibu polepole: kila hatua unatatua tatizo dogo, bila kwenda mbali na pale uliposimama, mpaka ulikaribie jibu lenyewe. Yeye alidai njia yake inafika kwa hatua chache kuliko za wengine wote. Ebo! Kila hatua yake ilikuwa na lundo la hatua nyingine ndani, za kulitatua hilo tatizo dogo, naye lundo zima kalihesabu hatua moja. Ni kama mwanamume anayesema ugali una hatua moja tu, kuketi mezani. Mtu aliyepakuliwa chakula tangu azaliwe, atajuaje kwamba maji huchemshwa?

Ningenyamaza. Ulimi uliponza kichwa, hilo nililisikia tangu utotoni. Lakini dharau ilikuwa imenijaa hadi kooni.

"Bosi," nikamwambia aliporudi, "umehesabu hatua za nje tu. Ukiongeza za ndani, njia yako ndiyo ya polepole kuliko zote."

Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu aniajiri. Kisha akachukua kalamu, akakwaruza karatasi mpaka tukapita Taif. Ahsante? Thubutu.

Jeddah alitoka ukumbini akitabasamu hadi masikioni. Wenzake walikuwa wamemsifu kwa jinsi alivyozihesabu hatua za ndani. Nikamtolea barua ya shule. Akaikunja, akaitia mfukoni.

"Halas, yamekwisha," akasema. "Nina makala nyingine tatu nyumbani. Nani atanisomea?"

Shule ikampata mwalimu mwingine. Nami makala zile nilizisoma zote tatu, nimeegesha gari kivulini. Ningeyaacha makosa yake yamwaibishe, aone sina faida, aniachilie. Nikayasahihisha yote, mjinga mimi, kwa kuwa hesabu mbovu siwezi kuivumilia.