Tasnifu Iliyotuhamishia Kigamboni

Asubuhi hiyo nilitoka Kariakoo na begi moja, bila mpango. Mwenye nyumba alikuwa ameuza kiwanja, na chumba changu kilikuwa kinasubiri kuwa ghorofa. Nilihitaji mahali pa kulala kabla jua halijazama. Badala ya kutafuta chumba nikatembea mpaka Posta. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha darasa la sita, lakini sijawahi kupita kibao bila kukisoma.

Kibao cha siku hiyo kilikuwa mlangoni mwa kafe ya intaneti: tasnifu za wanachuo sasa zinasomwa mtandaoni, bure. Nikaingia. Miaka michache nyuma, mwanachuo mmoja alikuja sokoni kutuhoji sisi wabeba mizigo, akaahidi kutuletea nakala. Nakala ilikwenda maktaba ya chuo, na nilipoifuata huko bawabu alizitazama ndala zangu, akaniuliza kitambulisho.

Dada wa kafe aliitafuta ile tasnifu, ikafunguka yote, hata shukrani za mwandishi kwa mama yake. Ilikuwa ya Kiingereza, basi akanisomea kwa Kiswahili.

"Kaka, hapa wanasema wabeba mizigo wa Kariakoo karibu wote mnakaa Kigamboni."

"Nani kasema?"

"Si nyinyi wenyewe! Sura nzima hii."

Nikakumbuka. Tulidhani kijana yule katumwa na mgambo wa jiji, anataka kujua tunakolala ili waje kutuzoa. Mkubwa wetu akanong'ona, "Semeni Kigamboni. Mgambo hawavuki maji." Tukasema, mmoja baada ya mwingine, na kila mtu akaongeza sababu yake ili isionekane tumepangana: vyumba vipana, maji ya kisima, majirani wasio na umbea. Mimi nilisifia upepo. Nilikuwa sijavuka hata siku moja.

Mwandishi, maskini, alikuwa amevuka kwenda kuhakiki. Vyumba alivikuta, sisi hakutukuta, akahitimisha kwamba tunarudi watu wameshalala. Uongo wetu ulikuwa na ramani na jedwali, chuo kimeupa shahada, na sasa aliyeko Ulaya angeweza kuusoma bila kuonyesha kitambulisho.

"Na wewe unakaa upande gani kule?" dada akauliza.

"Ndiyo natafuta."

"Sasa unahangaika nini? Mitaa yote yenye vyumba hii hapa."

Akaninakilia mitaa mitatu kwenye karatasi. Nikateremka Magogoni, nikapanda pantoni kuvuka maji.

Mtaa wa kwanza hapakuwa na nafasi. Wa pili nilimkuta mama wa makamo anaanua nguo.

"Shikamoo mama. Natafuta chumba."

"Marahaba. Kazi yako?"

"Nabeba mizigo, Kariakoo."

Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, nguo begani.

"Kuna mwanachuo alinisumbua hapa siku mbili nzima, anawatafuta watu wa Kariakoo. Namwambia hawapo, baba, ananiambia wapo, mama, huwaoni tu." Akasukuma mlango wa chumba cha uani. "Haya, ingia. Kumbe kijana wa watu alikuwa mkweli."

Nikaweka begi chini. Upepo, kusema haki, haukuwepo.